Neno la shukrani lisiandikwe kabla mgeni hajazungumza

Kila Julai wanafunzi wa chama chetu cha Kiswahili hapa Kisumu huandaa hafla ya Siku ya Kiswahili Duniani. Siku yenyewe ni tarehe 7. UNESCO iliitangaza Novemba 2021 na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza 2022. Hafla haikosi mgeni wa kuzungumza na wanafunzi. Mimi ndiye mlezi wa chama, kwa hiyo kumtafuta mgeni na kumfikisha ukumbini ni juu yangu. Kumtambulisha na kumshukuru ni kazi ya wanafunzi, na hapo ndipo nimeweka moyo wangu.

Nimehudhuria hafla za shule ambako neno la shukrani huwa limeshachapwa tangu jana yake. Mwanafunzi anasimama na kufunua karatasi: "Kwa niaba ya mwalimu mkuu, walimu na wanafunzi wenzangu, twakushukuru kwa hotuba yako yenye mafunzo tele." Mafunzo yapi? Mgeni ametoka Nakuru alfajiri, akapita Kericho na baridi yake, akateremka hadi Ahero na joto lake, akatuzungumzia yaliyomgharimu miaka kuyajua. Kisha anashukuriwa kwa maneno ambayo angepewa yeyote aliyesimama pale. Anatabasamu kwa adabu, anaanza kutafuta mkoba wake.

Ndiyo maana kwetu atakayeshukuru haji na karatasi iliyoandikwa. Anakuja na daftari tupu, anaketi safu ya mbele na kusikiliza kwa niaba ya wote. Namwambia atafute jambo moja tu, lile lililomgusa yeye, aliseme kwa maneno ya mgeni mwenyewe, kisha aseme litamfanya atende nini.

Mwaka jana tulimwalika mama mmoja mtangazaji wa redio. Katika mengi aliyoyasema, alitusimulia jinsi alivyojifunza kusoma habari: alikuwa akisoma magazeti kwa sauti jikoni, watoto wakilia na sufuria ikichemka, ili azoee kutotetereka. Msichana wa Kidato cha Tatu akainuka kumshukuru. "Mama, umetuambia ulisoma kwa sauti katikati ya kelele. Mimi huogopa kusoma hata darasani kukiwa kimya, kwa sababu nikikosea naona watanicheka. Jumatatu nitaomba nisome habari gwarideni. Asante kwa kunipa jikoni yako." Akaketi. Yule mama aliondoka kwenye kiti chake cha mbele, akamfuata na kumshika mikono yote miwili. Na Jumatatu msichana alisoma kweli, sauti ikimtetemeka mwanzoni, habari zote hadi mwisho.

Utambulisho nao ufanyiwe kazi. Kumsomea mtu shahada zake moja baada ya nyingine hakumsaidii yeye wala wasikilizaji. Wanafunzi wanataka kujua: huyu ni nani kwetu, na kwa nini yeye leo? Dakika mbili zinatosha. Anayetambulisha humpigia mgeni simu siku chache kabla na kumuuliza jina linavyotamkwa na angependa aitwe vipi. Huku kwetu mtu mmoja huwa Daktari kazini, Mama Fulani kwa majirani, na Nyar Alego, yaani binti wa Alego kwa Kijaluo, wakiwamo watu wa kwao ukumbini. Achague mwenyewe.

Kuhusu itifaki, mshereheshaji aitaje mara moja, kwa ufasaha, tangu mwenyekiti wa bodi hadi chifu, halafu kila anayefuata aseme "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Wazungumzaji wanne wakirudia orodha ile ile, dakika zinazoliwa ni za mgeni.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo. Katika hafla moja niliyoalikwa, muuguzi mstaafu alikuwa akiwaeleza wasichana mambo ya afya ambayo nyumbani hawaambiwi. Ukumbi ulikuwa umetulia, hata wale wa nyuma. Mwanasiasa akaingia na kundi lake, ngoma ikapigwa, maikrofoni ikachukuliwa mkononi mwa yule mama kabla hajamaliza sentensi. Hakurudishiwa. Wasichana walibaki na nusu ya jibu. Tangu hapo naweka mwalimu mmoja langoni ambaye kazi yake ni kuwapokea waheshimiwa waliochelewa, kuwaketisha taratibu na kuwaeleza watapewa nafasi mgeni akimaliza. Wengi huelewa wakielezwa kwa heshima.

Sasa mwaliko. Napiga simu kwanza, kisha naandika barua, na barua haiachi maswali. Inataja saa ambayo mgeni ataanza kuzungumza, kwa sababu saa ya kufunguliwa hafla ni nyingine kabisa. Inataja dakika alizonazo, na watakaomsikiliza. Nikimwalika mtahini, namwambia waziwazi kama nataka azungumzie Karatasi ya 102/1, ile ya insha katika mtihani wa Kiswahili wa KCSE, wa kumaliza Kidato cha Nne, yenye swali la kwanza la lazima, au kama nataka awaonyeshe raha ya kuandika tu. Asipoambiwa ataleta ya mtihani, maana ndiyo anayoulizwa kila aendako.

Na njia: anayetoka Kakamega kwa matatu ya kupitia Mbale na Kiboswa ashukie Mamboleo, asiteremke hadi mjini, na aliyetumwa kumpokea atakuwa pale, namba yake hii hapa. Nauli ya kuja na kurudi naituma kwa M-Pesa siku moja kabla. Kijana aliyemaliza chuo juzi anaweza kuwa na mengi ya kuwafaa wanafunzi wangu, na hatathubutu kumwambia mwalimu kwamba hana nauli. Leso au kitabu cha zawadi kije baadaye, mbele ya watu.

Wiki mbili baada ya hafla wanafunzi humwandikia mgeni barua kwa mkono, wakimweleza walichokifanya tangu aondoke. Yule mtangazaji alipata yake kabla shule hazijafungwa Agosti, pamoja na nakala ya habari zilizosomwa gwarideni. Alinipigia siku hiyo hiyo. Mwaka huu anarudi, na ameomba asipewe hotuba: anataka kukaa na wasomaji wetu wa habari darasani, awasikilize mmoja mmoja.