Kamera ya boksi na tundu la sindano

Shemeji alinitumia seti ya kamera ya karatasi ngumu, vipande vya kukunja na kubandika gundi tu, haina lenzi haina betri, na maelezo yote Kijerumani kwa hiyo mi nikafuata michoro. Kuiunga wala si kazi, jioni mbili nikawa nimemaliza. Kazi ipo kwenye tundu la kupitishia mwanga jamani. La kwanza nilitoboa nikaizamisha sindano yote, picha zote ukungu mtupu. Nikakata kopo la soda, nikawa nagusa na ncha tu, ule uvimbe wa upande wa pili nausugua na msasa laini, nagusa tena, nasugua tena, mpaka likabaki tundu la kama milimita 0.3 hivi.

Filamu iko milimita 50 nyuma ya tundu, kwa hiyo ukigawanya 50 kwa 0.3 unapata kama 167, hiyo ndo namba ya f, ikiwa kubwa mwanga unaingia kidogo, na kwa filamu ya ISO 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) jua kali la saa sita ni nusu sekunde tu, unafunua kidole unafunika. Kivulini nahesabu mpaka 8 au 10.

Roli ya pili tundu safi ila nikapatikana kwingine. Filamu ina vitundu pembeni na picha moja inakula 8, kuna kiulimi cha plastiki kinaingia kwenye kila kitundu kinalia ta, sasa mimi nilikuwa napiga kituo cha daladala, makonda wanapiga debe, hiyo ta utaisikia wapi? Filamu imetoka kusafishwa, picha zimepandana, daladala iko juu ya mama wa vitumbua! Siku hizi nabandika kidole kwenye boksi naihesabu kwa kuigusa. Na mgongo wote nimeuzungushia tepu nyeusi ya umeme maana mwanga ulikuwa unapenya unaacha michirizi myekundu.

Roli ya tatu nikaenda kwa wazee wanaocheza bao chini ya mwembe. Nikawaamkia, mmoja akaniuliza "kijana, hilo boksi la dawa ndo linapiga picha?" nikamwambia ndiyo mzee, tulieni kidogo. Wapi! Nimeiweka juu ya ndoo, nikahesabu mpaka 10, wao wanacheza tu. Picha imetoka nyuso zinaonekana vizuri, bao lipo, ila mikono hakuna, kuna moshi tu juu ya mashimo. Mzee kaiangalia weee, akasema huyo hapo alikuwa anaiba kete.