Nilivyojifunza kuipima ndege ya kwenye kompyuta kabla ya kuisifia

Ujumbe wa sauti ulikuwa mfupi, na kijana aliyeutuma hakutukana. Bora angetukana. Alisema hivi: "Kaka, ile Cessna uliyotuambia tununue, nimeizima injini juu ya bahari nikiwa futi 5,000, Unguja bado maili 12 za baharini. Nimefika. Nimefika na urefu mwingine umebaki. Sasa hiyo ni Cessna au mwewe?"

Nilikuwa nimeisifia ile ndege kwenye kundi letu la WhatsApp, la sisi tunaorusha ndege za kwenye kompyuta, wiki mbili kabla. Nilisifia rangi, ribiti za kwenye bawa, mshono wa viti, hata kioo kilivyochubuka kidogo pembeni. Nilikaa nayo jioni moja tu, nikaandika. Huyu kijana alitoa dola 30 na kitu, akijiandaa kwenda kusomea urubani, na alichojifunza ni kwamba injini ikizima hapati shida, anaelea tu mpaka nyumbani. Kitabu cha Cessna 172S kinasema vingine: injini ikikufia, shika mwendo wa noti 68, yaani maili 68 za baharini kwa saa, na kwa kila futi 1,000 utapata kama maili moja na nusu za baharini. Futi 5,000 ni maili saba na nusu. Zilizobaki anaogelea.

Nilimwomba radhi. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikatafuta kitabu cha rubani cha ndege yenyewe, nikachukua daftari, nikafungua stopwochi ya simu.

Niseme kidogo ninavyorushia. Mchana ninashika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Usiku ni rubani. Nimekulia Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege wa Dar, ambako ndege ikipita watu wazima wanasimamisha mazungumzo katikati ya neno, wanasubiri, wanaendelea. Ninatumia simuleta ya ndege iitwayo X-Plane 12, kwa sababu ya bando kuliko sababu nyingine yoyote: ukiiweka inakuonyesha ramani ya dunia, unachagua vipande unavyotaka, basi. Mimi nilichukua Afrika Mashariki, Ulaya nikawaachia wenyewe. Joistiki ni moja, ya mtumba, na ukiigeuza kulia inalia kama mlango wa banda.

Kuna jambo wanunuzi wengi hawalijui kuhusu X-Plane. Programu inalikata bawa vipande vipande na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande, mara nyingi kila sekunde. Watu wakisikia hivyo wanadhani ndege yoyote utakayoitia humo itaruka kama ya kweli. Hapana. Uzito, nguvu ya injini, ukinzani wa mwili na hewa, hivyo anaviandika mtengenezaji wa ndege ya kwenye kompyuta. Akiandika uongo, simuleta itaukokotoa uongo ule kwa uaminifu mkubwa.

Ndege iliyofuata kunijia mkononi ilikuwa Cessna 208B Grand Caravan, ile ya injini moja unayoiona kila siku ikitoka Dar kwenda Zanzibar na watalii wameshika kofia. Hii niliisubiri kwa hamu. Mtengenezaji alinitumia bure, ili niihakiki. Ndege ya bure ni kama pilau ya shughuli: nani anasimama kusema chumvi imezidi? Tangu siku ile, mstari wa kwanza wa uhakiki wangu unasema kama nimenunua au nimepewa. Msomaji apunguze mwenyewe.

Mtaani kwetu, nyumba ya tatu, anakaa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa injini za ndege ndogo miaka mingi. Sasa anafuga kuku wa mayai. Nilimwendea Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefuata trei?"

"Leo nimefuata masikio yako, mzee."

Alikuja jioni na kandambili zake, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaitazama skrini sekunde tatu hivi. Nilitegemea ashangae. Akasema, "Picha nzuri. Sasa washa," akafumba macho.

Nikawasha betri, nikabonyeza stata. Mlio ukaanza kupanda. Kabla sijagusa wenzo wa mafuta akanyanyua mkono.

"Propela inazunguka?"

Nikatazama. Inazunguka, tena kwa kasi.

"Zima. Rudia."

Nikarudia. Ile ile. Akafumbua macho. "Hii siyo PT6, injini ya Caravan. Hii wameifunga shafti moja kama pampu ya maji."

Akachukua peni yangu akanichorea nyuma ya daftari. Injini ya Caravan ina tabini za kazi mbili, na hazijashikana. Moja inazungusha kompresa, nyingine inazungusha propela kupitia gia, na kati yao hakuna chuma kinachounganisha, ni gesi ya moto tu inayopita. Stata inazungusha upande wa kompresa. Propela inaachwa nyuma; inasubiri moto ushike na gesi iisukume, ndipo ianze kutembea polepole kama mtu aliyeamshwa mapema. Ndiyo maana ndege hizi zikiegeshwa propela hufungwa kwa mkanda. Usipoifunga, upepo tu unaizungusha.

Basi tukaanza upya, safari hii tukisikiliza. Alinitajia kinachotakiwa kusikika na kuonekana, kwa mpangilio: mlio mwembamba unaopanda, tak-tak-tak ya viwashio, kompresa ifike asilimia 12 ya kasi yake na zaidi, ndipo usukume wenzo wa mafuta. Moto ukishika, geji ya joto la tabini inaruka juu haraka halafu inarudi. Kompresa ikifika asilimia 52, stata unaitoa. Ndege yetu ilikuwa na tak-tak-tak. Hilo tuliliandika upande wa sifa.

"Sasa iunguze," akasema.

Sikumwelewa.

"Mpe mafuta mapema, kabla hewa haijatosha. Asilimia tano, sita. Injini ya kweli unaiua hapo hapo." Kikomo cha joto wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090, na kwa sekunde mbili tu. Nikampa mafuta kwenye asilimia tano. Sindano ikapanda mpaka 600 na kitu, ikatulia, injini ikawaka kwa raha. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alisema angekuwa na injini kama hiyo enzi zake angeshalala usiku mzima.

Nimeona ndege nyingi zilivyo: kila kitufe kinabonyezeka, na nyuma ya kitufe hakuna kitu. Kwenye Caravan kuna mkono wa kuvuta, umbo la T, wa kitenga vumbi. Mafundi wanauita separeta. Ukiuvuta, hewa inayoingia kwenye injini inalazimishwa kukata kona, na mchanga, kwa kuwa ni mzito, unashindwa kukata kona unatoka nje. Kwa viwanja vya vumbi kama Seronera hiyo ni kinga ya injini yenye bei ya nyumba. Lakini kinga ina gharama: torki, ile nguvu ya kuzungusha propela, inashuka kidogo. Kwenye ndege yetu mkono ulivutika vizuri kabisa, na sauti ya "klaki" ukatoa. Sindano ya torki haikutikisika.

Hayo yote yangeweza kuwa ya sebuleni, mzee na kijana wanabishana kuhusu sauti. Kilichonifanya niwe na uhakika ni hesabu, na nilikifanya peke yangu usiku, mzee ameshaenda kufungia kuku.

Nilijaza ndege mpaka uzito wa mwisho unaoruhusiwa, ratili 8,750, karibu kilo 3,970. Nikaiweka hali ya hewa kwenye kipimo cha vitabuni, nyuzi 15 usawa wa bahari, bila upepo. Hapa wengi wanakosea: wanapima kwa hali ya hewa halisi ya Dar, nyuzi 31, halafu wanalinganisha na jedwali la nyuzi 15. Kisha nguvu zote, propela mizunguko 1,900, torki futi-ratili 1,865, na stopwochi kutoka futi 1,000 hadi futi 3,000. Caravan ya injini hii hupanda chini kidogo ya futi 1,000 kwa dakika. Nilitegemea dakika mbili na sekunde chache.

Dakika moja na sekunde 33.

Nikarudia mara tatu. Tofauti ilikuwa sekunde moja, mbili. Nikadhani uzito umekosewa. Nikaukagua, uko sawa. Ndipo nikakumbuka hesabu ya zamani: torki zidisha mizunguko, gawa kwa 5,252, unapata nguvu farasi. 1,865 mara 1,900, gawa kwa 5,252, inakuja 675 kasoro kidogo. Ndiyo nguvu ya injini hii hasa, farasi 675. Geji zinasema ukweli, basi farasi wa ziada wanatoka wapi?

X-Plane ina ukurasa wa takwimu ambao unaweza kuuamuru uandike namba juu ya skrini wakati unaruka, namba za simuleta yenyewe, siyo za geji alizochora mtengenezaji. Nikawasha mstari wa nguvu ya injini, nikasukuma wenzo wa nguvu mpaka mwisho.

867.

Mwenye kuzijua Caravan atacheka hapa. Farasi 867 ni nguvu ya Grand Caravan EX, toleo jipya lenye PT6 kubwa zaidi. Kwa mizunguko 1,900 torki yake ingekuwa karibu 2,400. Mtengenezaji alikuwa ameweka moyo wa EX ndani ya mwili wa Grand Caravan ya kawaida, halafu akachora sindano isimame kwenye 1,865 ili mambo yaonekane sawa. Labda alianza na toleo moja akabadili nia, labda alinakili faili. Sikumwita mwizi. Nilimtumia namba zote tatu, picha ya skrini, na muda wa kupanda, nikamwambia uhakiki nitautoa baada ya siku kumi, awe amejibu au hajajibu.

Siku ya nne akajibu, barua fupi, kwa adabu. Nguvu ya injini alikubali. Propela ya kuanza na stata alisema ataitazama. Kuhusu kuunguza injini alisema wateja wake wengi hawataki ndege inayoharibika. Hapo tulitofautiana, na niliandika hivyo: sitaki iharibike kila siku, lakini nikikosea kwenye kuwasha, nataka nijue nimekosea. Kwa mtu anayecheza tu si kitu. Kwa yule kijana wa Cessna ni jambo kubwa.

Uhakiki ulitoka na mabaya na mazuri. Mazuri yalikuwepo, na sikuyabana. Flapu zake, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa, nyuzi 10, 20 na 30, zilifuata kitabu, na ukizishusha zote ukaja na noti 80 inakaa mkononi kama inavyotakiwa. Matumizi ya mafuta nilidhani yatakuwa mabaya kwa sababu ya wale farasi wa ziada, nayo yalikuwa mabaya. Arusha, uwanja ulio juu zaidi ya futi 4,500, nyuzi 28 mchana, ikaruka kama iko Tanga, usawa wa bahari. Hilo nalo nililijua kabla sijajaribu. Watu wawili waliniambia nina roho mbaya, ndege nzuri vile. Mmoja alinishukuru kwa hesabu ya 5,252, akasema ameitumia kwenye ndege nyingine tatu na hataki kusema alichokuta.

Toleo jipya lilikuja baada ya miezi miwili. Nikamwita mzee, na trei nikanunua kabisa, kupunguza deni.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, kwa hiyo tuliruka kwa njia ya kurukia namba 05 kutoka Dar tukaelekea Zanzibar, kutua njia namba 36. Kwenye kuwasha alifumba macho tena. Mlio mwembamba, tak-tak-tak, mafuta, moto. Propela ikakaa kimya kwanza, ikasita, ikaanza kutembea. Hakusema kitu, aliinamisha kichwa kidogo tu. Juu ya bahari alishika kipanya mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akautafuta mkono wa separeta, akauvuta. Torki ikashuka kidogo. Akaurudisha. Ikapanda. Akafanya hivyo mara nne, mpaka nikamwambia, "Mzee, tunakaribia, naomba kipanya."

Kupanda kulikuwa dakika mbili na sekunde saba. Nilikuwa nimepima mapema mchana, sikutaka aibu mbele yake.

Tukatua, tukaegesha, nikazima. Kwenye menyu nikashusha abiria wa mbele, nikawaacha wa nyuma na mizigo yao ya mkiani, nionyeshe tu vile mlango unavyofunguka. Mzee akasogea karibu na skrini.

"Kigingi cha mkia kiko wapi?"

"Kigingi gani?"

"Unaweka chini ya mkia wakati wa kupakia na kushusha. Watu wakijaa nyuma, hii inakaa chini kama mbwa. Pua juu." Akanyoosha kidole kwenye gurudumu la mbele, lililokuwa limetulia chini bila wasiwasi wowote. "Hii imesimama tu."

Nikafungua daftari, nikaandika.