Mpita Njia wa Beit el Ras

Daktari alipomwambia mama mkubwa atembee nusu saa kila siku kwa ajili ya sukari, alimcheka. "Kwani mie siku zote naruka?" Lakini alikwenda, na wa kufuatana naye nikawa mimi.

Tulikuwa tukikaa Kibweni. Barabara ya Bububu hakuipenda, daladala zinapita karibu mpaka buibui linapepea. Basi tukakata kwa ndani na kutokea Beit el Ras, kwenye kampasi ya Nkrumah ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Yeye akiita skuli. Chuo, kwake, ni pale pa kusomea Kurani tu.

Mlinzi alituzoea upesi. Ndani kulikuwa na kivuli na upepo wa bahari, na mama mkubwa hawezi kumpita mtu bila ya kumuuliza kwao wapi, kwa hiyo nusu saa ilikuwa ikifika saa nzima.

Jioni moja, mwaka 2014, tukamkuta kijana na daftari lake mbele ya lile gofu, kibaraza cha kasri la zamani. Akatuamkia. Amepewa kazi ya historia, akasema, na kinachomshinda ni kimoja: kasri zima limekwenda wapi?

"Limepanda gari moshi," akajibu mama mkubwa.

Nilidhani anamtania. Kumbe anayo yote. Sultani Sayyid Said alianza kujenga mwaka 1847, maana kule kwenye kasri lake la Mtoni watoto wake walishajaa. Mwaka 1856 akafia baharini, njiani kurudi kutoka Oman, na ujenzi ukaishia hapo. Baadaye mawe yakachukuliwa kujengea njia ya reli ya kutoka mjini mpaka Bububu. "Babu yangu akilipanda gari hilo," akasema, kana kwamba babu yake alipanda kasri lenyewe.

Kijana akachangamka. "Ndiyo Bububu ikapata jina, kwa mlio wa gari moshi!"

"Hata! Bibi Salme, binti yake Sayyid Said, alikaa Bububu, na hilo gari halijazaliwa."

Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Bibi Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, reli ikaja mwaka 1905. Jina lisingeweza kulingoja gari miaka yote hiyo. Mama mkubwa akashikilia kuwa ni maji ya chemchemi, yanavyobubujika, akayaigiza kwa mdomo mara mbili tatu mpaka wanafunzi waliokuwa wakipita wakageuka. Mie nikatazama bahari.

Kijana aliandika kurasa mbili. Mwisho akauliza, kwa adabu, aandike nani kamwambia.

"Andika mpita njia."

"Bi mkubwa, mwalimu hatokubali."

"Basi mlete na yeye. Mie napita hapa kila siku baada ya alasiri."