Siku dume alipomvamia kulungu wa plastiki

Ilikuwa Novemba, ule msimu madume wa kulungu wa mkia mweupe wanakuwa kama wamerukwa na akili, hawali vizuri, wanazunguka mchana kutwa kutafuta majike, na huo ndo wakati sanamu ya kulungu, ile ya kuwavutia waje karibu na mwindaji, inafanya kazi kweli maana dume akiona dume mwingine kasimama kwenye eneo lake hawezi kupita kimya. Mzee niliyekuwa nawinda naye hakuamini hata kidogo. "Kijana, yule mnyama ana pua, plastiki utamdanganya nayo?" Nikamwambia mzee wangu ngoja uone.

Pua kweli ndo kesi kubwa. Sanamu niliishika kwa glavu za mpira, nikaipulizia dawa ya kuua harufu, na njiani niliifunika kitambaa cha rangi ya chungwa kwa sababu kutembea porini na kulungu begani ni kujitafutia risasi (msimu wa bunduki siitoi kabisa, mi ni upinde tu). Nikaisimamisha mita kama 20 kutoka kwenye mti niliopanda kujificha, upande upepo unakotokea, uso unanitazama mimi. Hapo kwenye uso wengi hawazingatii: dume humwendea mwenzake kwa mbele, macho kwa macho, kwa hiyo sanamu ikikuangalia wewe yeye atakuja kusimama katikati yenu. Ingekuwa sanamu ya jike ningeigeuza, jike anafuatwa kwa nyuma. Pembe niliweka ndogo, ukiweka za kutisha madume wengi wanakwepa.

Kwanza akaja jike, na majike kwenye mambo haya ni balaa. Akaikodolea macho, akapiga mguu chini, akazunguka mpaka akanasa harufu, akatoa chafya moja kali hiyooo akatimua. Nikajua asubuhi imeharibika.

Baadaye nikapuliza filimbi ya kukoroma, ile inayoiga sauti ya dume, na vichakani akatokea dume, shingo imevimba, masikio kayalaza nyuma, manyoya yamesimama, anatembea ubavuubavu miguu imekakamaa, yaani kama mlevi anayetafuta ugomvi. Juu nilipo hakuangalia kabisa. Nimeshavuta upinde nasubiri ageuke vizuri, bwana si akainamisha kichwa akaivamia! Kichwa cha sanamu kivyake, kiwiliwili kivyake, na ule mlio wa plastiki ukamshtua mwenyewe, akaruka hatua chache akasimama kuangalia kafanya nini. Hapo ndo nikaachia mshale.

Tulingoja karibu nusu saa ndo tukashuka kufuata damu, hakuwa mbali. Mzee akampita dume bila neno, akaenda kuokota kile kichwa cha plastiki akawa anakigeuzageuza. Pembe moja ilikuwa imekatika. Sijanunua pembe nyingine mpaka leo, na wapo wawindaji wanaoing'oa moja makusudi, wanasema dume hupenda kuvamia upande usio na pembe, kwa hiyo unajua mapema atasimama wapi.