Filimbi Iliyomkatiza Lisa

"Mama, kwani Lisa alitaka kusema sababu gani?" Binti yangu aliniuliza juzi, katuni imekwisha na majina ya waandishi yanapita kwenye skrini. Sikumjibu papo hapo. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa na mtu mwingine, na mazungumzo ya usiku ule bado ninayo.

Ilikuwa Jumapili, Aprili 30, 2006, Massachusetts, Marekani, kwenye sebule ya bweni letu. The Simpsons, katuni hiyohiyo yenye mtoto aitwaye Lisa, tulikuwa tunaitazama pamoja, wengine kwenye makochi, wengine sakafuni, na mara hii watu walijaa kwa sababu ilishasikika kwamba kipindi kitagusa sakata la Harvard. Januari ya mwaka uliotangulia, rais wa chuo hicho, Lawrence Summers, alizungumza kwenye mkutano wa watafiti akataja mambo matatu yanayoweza kueleza kwa nini wanawake ni wachache kwenye ngazi za juu za sayansi na uhandisi. La kwanza, kazi hizo zinadai saa nyingi mno. La pili, tofauti za kipaji miongoni mwa wale walio juu kabisa. Malezi na ubaguzi aliviweka mwisho, na akasema wazi kwamba hivyo ndivyo anavyoona uzito wake. Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, aliinuka akatoka ukumbini. Februari 2006 Summers akatangaza kujiuzulu, ingawa alikuwa na ugomvi mwingine pia na wahadhiri wake. Sisi wasichana wachache wa hisabati tulikuwa tumeulizwa maoni yetu mpaka tukachoka.

Katuni yenyewe nitaipitia haraka. Mkuu wa shule, Skinner, anatoa kauli ya kuwadharau wasichana katika hesabu, anaondolewa, na mwanamke aliyewekwa mahali pake anaigawa shule: wavulana kwao, wasichana kwao. Darasani kwa wasichana wanaulizwa namba zinawafanya wajisikieje. Lisa, mtoto anayependa hesabu kuliko mapumziko, anachungulia upande wa pili na kukuta hesabu za kweli zinafundishwa. Anavaa kiume, anajiita Jake Boyman, kaka yake Bart anamfundisha mienendo ya wavulana, na mwishowe anashinda tuzo ya hesabu ya shule nzima.

Hapo ndipo penye moyo wangu. Lisa yuko jukwaani, amevua nywele za bandia, kila mtu anamwona ni nani. Bart anasimama katikati ya watu na kudai kwamba dada yake ameshinda kwa sababu tu amejifunza kufikiri kivulana. Lisa hamkatalii moja kwa moja. Anawaza. Kisha anaanza kueleza sababu halisi ya wanawake kuwa wachache katika hisabati na sayansi. Sebule nzima ilinyamaza. Nilijikuta nimeinama mbele, mikono juu ya magoti, nikimsubiri mtoto wa kuchorwa anisemee jambo ambalo mwaka mzima nililitafutia maneno. Anakatizwa. Sasa ni zamu ya mwanafunzi mwenzake, Martin Prince, na filimbi yake! Martin anapuliza, kipindi kinaisha.

Watu walicheka kwa sauti kubwa. Mimi machozi yalinilenga, na sikuona haya.

Kaka mmoja wa uhandisi, Mswahili mwenzangu, aliketi karibu nami taa zilipowashwa. "Dada, hebu niambie. Angesema nini?"

Nilimsimulia Sophie Germain, mwanahisabati wa Kifaransa ambaye chuo cha École Polytechnique hakikumpokea kwa kuwa ni mwanamke. Akawa anapeleka kazi zake kwa mwanahisabati Lagrange kwa jina la mwanafunzi wa kiume, LeBlanc, na baadaye akamwandikia Gauss, mwanahisabati mkubwa wa Kijerumani, kwa jina hilohilo. Gauss alipogundua ukweli, mwaka 1807, alimsifu kwa ujasiri wake. Nikamwambia Lisa hakushinda kwa kufikiri kivulana. Alishinda kwa sababu upande ule wa ukuta kulikuwa na ubao wenye hesabu.

"Sawa, hilo ni la Lisa," akasema. "Na wewe?"

Alinijua. Aliwahi kuniona kwenye kikundi chetu cha mazoezi, jinsi nilivyokuwa nanyanyua sauti, namkatiza mtu kabla hajamaliza, nachukua chaki bila kupewa. Nyumbani sikulelewa hivyo. Niliyajifunza kule kwa kuwatazama wenzangu wa kiume, na yalinifaa.

Tulibishana mpaka usiku mwingi. Siku iliyofuata, kwenye kikundi, niliamua kukaa kimya nione kama kuna atakayeniita. Uthibitisho ulikwama kwenye hatua niliyoijua vizuri, wakazunguka nayo, wakafuta, wakaanza upya. Hakuna aliyegeuka kuniuliza. Nikainuka, nikachukua chaki, nikaandika mistari iliyobaki, na mmoja wao akasema kwa wema kabisa, "Leo umechelewa." Nilifurahi kwamba walinihesabu, na wakati huohuo niliumia. Binti yangu ana kikundi chake cha hesabu shuleni sasa, na sijaamua kama nimwambie asubiri aulizwe au aichukue chaki.