Siku tuliyotazamwa Beijing

Mkalimani wetu alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, mzaliwa wa Beijing, na Kiswahili chake kiliwashinda baadhi yetu. Alikisoma chuo kikuu kulekule kwao, kisha akakaa kwa muda Dar es Salaam, ndiyo maana aliweza kuanza sentensi kwa "mabibi na mabwana" akaimalizia kwa "twendeni bwana, mnazingua". Siku za semina alitutafsiria mihadhara ya pampu na mabomba. Jumamosi ile ya Oktoba 2013 akawa mtembeza watalii, na ungeona wazi kwamba kazi hii ndiyo aliyoipenda. Alisimama mbele ya basi na kibendera cha manjano kwenye ufito, akatangaza: "Ndugu zangu, mimi ndiyo bendera. Msiiache. Leo Beijing ina watu."

Ilikuwa nao kweli. Sisi tulikuwa watu wa maji, wahandisi na mafundi wa Tanzania, kutoka bara na visiwani, na sote tulijiona tumeshazoea foleni za maisha. Ile ya kuingia uwanja wa Tiananmen ilituweka mahali petu. Mikoba ilipitishwa kwenye mashine, pasipoti zikaangaliwa, ndipo tukatokea kwenye uwanja wa hekta 44 usio na kivuli hata cha kumfunika kuku. Ukumbi Mkuu wa Umma upande mmoja, jengo alimolazwa Mao katikati, na ng'ambo ya barabara picha yake kubwa juu ya lango. Mzee mmoja wa Mbeya, aliyekuwa anakaribia kustaafu, alivua kofia. Utotoni, miaka ya sabini, aliwahi kuwauzia mahindi ya kuchoma Wachina waliokuwa wakijenga reli ya TAZARA. "Walikuwa hawabishani bei," alisema, akavaa kofia yake, tukaendelea.

Ukipita chini ya lile lango lenye picha unaelekea Kasri la Kifalme, ambalo wenyewe wanaliita Gugong. Lilijengwa kati ya 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle wa nasaba ya Ming, likakaliwa na wafalme 24, hadi Puyi, wa mwisho, alipotimuliwa mwaka 1924. Mwaka uliofuata likafunguliwa kuwa makumbusho. Mkalimani alitueleza kwamba hadithi za watu zinasema lina vyumba 9,999 na nusu, kwa sababu mbinguni viko 10,000 na mfalme wa duniani hana budi kupungukiwa kidogo, kwa adabu. Waliovihesabu wanasema havifiki hata 9,000. Mimi hadithi ya nusu chumba niliipenda zaidi, na nimewasimulia wengi bila kuongeza ile hesabu.

Tulikuwa hatujafika hata ukumbi wa kwanza babu mmoja wa Kichina, mgeni wa mjini kwa jinsi alivyovaa, alipomsogelea Bi Mkubwa wa Unguja. Alionyesha kamera, akajionyesha mwenyewe, akamwonyesha yeye. Bi Mkubwa alikuwa amevaa dera la rangi ya chungwa na mtandio wake, na hakuwa mtu wa kukataa heshima. Akasimama, akapigwa picha. Babu akamwita mkewe. Mke akaleta mjukuu. Nyuma ya mjukuu ikaanza foleni, foleni kabisa, ya watu waliokuja kutoka mikoa ya mbali kutazama kasri la wafalme wao na sasa wamelipa kisogo. Wengine waliomba kwa ishara, wengine walijifanya wanapiga picha paa huku kamera imetuelekea sisi. Kijana mmoja wa Dodoma alianza kukunja uso. Akasema si haki, hatukuja kuwa maonyesho.

Mkalimani aliona mambo yanaelekea pabaya, akapandisha kibendera. "Mnajua," alisema, "huyu Yongle aliyejenga hapa, mwaka 1415 watu wa Malindi walimletea twiga. Wachina hawakuwa na mnyama kama yule. Wakasema huyu ndiye qilin, mnyama wa heri kwenye hadithi zetu, anayetokea mfalme akiwa mwema."

Bi Mkubwa alimtazama, akatazama foleni yake.

"Na yule twiga," aliuliza, "walimpa chai?"

Tulicheka mpaka askari wa zamu akageuka. Kuanzia hapo mtu akiombwa picha tulimwambia, "Twiga, unaitwa." Hata wa Dodoma alilegea, ingawa alidai picha moja kwake na moja kwao, pasu kwa pasu.

Kitu kilichonishika mimi ni maji. Kumbi tatu kubwa zimekaa juu ya jukwaa la mawe meupe lenye ngazi tatu, na kando yake zimechongwa nyuso za madragoni, zaidi ya 1,000, vinywa wazi. Watalii wanaziona ni mapambo. Ni matundu ya kutolea maji ya mvua. Jukwaa limeinama kidogo kuelekea ukingoni, na uwanja mzima umeinamishwa kutoka kaskazini kwenda kusini, hivyo mvua inakimbilia kwenye mifereji na kuishia kwenye mto mdogo uliochimbwa ndani ya kuta. Karne sita! Nilichuchumaa kuangalia mteremko, nikawaza Jangwani ya Dar es Salaam inavyofurika kila masika, nikanyamaza.

Halafu kuna yale mapipa ya shaba na chuma, enzi za wafalme yalizidi 300 kasri zima, mapana kama masufuria ya pilau la harusi. Yalijazwa maji kwa ajili ya moto, maana majengo ni ya mbao na radi haikuwa mgeni. Majira ya baridi yalivikwa matandiko, na moto ukawashwa chini yake ili maji yasigande. Mengine yalipakwa dhahabu, na ukikaribia unaona mikwaruzo mirefu kila upande. Mkalimani alisema ni askari wa mataifa ya kigeni walioingia Beijing mwaka 1900, wakaikwangua dhahabu kwa visu. Nilipitisha macho kwenye mikwaruzo ile kwa muda. Mingine ilikatwa kwa haraka, kwa kuchanachana. Mingine ilinyooka, ya mtu aliyekuwa na nafasi.

"Injinia, tumekuachia dakika zako," alisema mkalimani. "Sasa njoo."

Ratiba ya kundi haikosi duka. Letu lilikuwa la bangili za mawe ya kijani, na sina la kulisifia. Bei ilianza yuan 1,800. Bwana mmoja wa Pemba aliishusha hadi 150, kisha akaondoka bila kununua.

Alasiri tulifika Hekalu la Mbingu, ambako wafalme walikuja kuombea mavuno. Ukumbi wake wa duara una urefu wa mita 38, wa mbao zilizoshikana bila misumari, juu ya nguzo 28. Tulizihesabu, tukatoka. Bustanini wastaafu wa Beijing walikuwa wamejaa tele: wanaocheza karata, wanaoimba, na duara moja wakipigiana kwa miguu kijimpira cha manyoya kisichotakiwa kugusa chini. Safari hii sisi ndio tuliotoa kamera. Mama mmoja wa makamo, mwenye raba nyeupe, alimwita Bi Mkubwa kwa mkono.

Bi Mkubwa alikunja dera, akanikabidhi mkoba. Pigo la kwanza lilimpita. La pili alilirudisha kwa kisigino, duara zima likapiga kelele.

Simu ya mkalimani iliita. Dereva alikuwa anasubiri getini na hapakuwa na maegesho. Kibendera kikapanda, kikapepea, hakuna aliyekitazama.

"Mwambie azunguke kwanza," alisema Bi Mkubwa bila kugeuka, mguu uko juu.

Mkalimani akamwambia.