Gitaa la Laki Moja na Arobaini na Mfupa wa Bucha

Vidole vya mkono wangu wa kushoto viliota malengelenge kabla sijajua wimbo hata mmoja. Wiki ya pili malengelenge yakapasuka, nikafunga plasta, na nikaanza kuamini maneno ya shemeji yangu kwamba gitaa ni kazi ya vijana na mimi umri umeshanitupa mkono. Nina miaka 43.

Gitaa lenyewe nililipata Kariakoo. Muuzaji alianzia 180,000, tukavutana hadi 140,000. Jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, lina begi la kitambaa na nyuzi za akiba. Sikuangalia kitu kingine chochote. Nililipenda kwa rangi, kosa ambalo hata kwenye kununua embe silifanyi.

Aliyenifungua macho ni mpiga gitaa wa kwaya yetu. Alipita nyumbani jioni moja, akalichukua, akakamata kodi ya F (nazungumzia kodi za gitaa, sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za TRA), akakunja uso, akalirudisha mapajani pangu.

"Mwalimu, hili unalipiga au unalilima?"

Tukachukua rula ya mwanangu, tukapima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12, freti zikiwa vile vyuma vinavyokatiza shingo. Karibu milimita 5. Kwa gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, la nyuzi za chuma, akasema, uzi mnene ukikaa milimita 2 na nusu na ule mwembamba milimita 2 hivi, unapiga bila kuteseka. Mimi nilikuwa nabonyeza nyuzi za waya kutoka juu ya ghorofa. Na maumivu ndiyo yalikuwa nusu tu ya tatizo. Uzi ukikaa juu hivyo, kila ukiubonyeza unauvuta, na ukiuvuta sauti yake inapanda. Ndiyo maana nilikuwa natyuni kwa programu ya simu, taa zote kijani, halafu nikikamata kodi inatoka sauti ya mtu aliyekanyaga paka. Nilidhani sina sikio la muziki.

Nikamuuliza kama nimeuziwa takataka. Akakataa, na jibu lake ndilo lililonifanya nianze kulishughulikia badala ya kuliuza. Magitaa mengi ya bei hii yanatoka China. Kule Zheng'an, mkoa wa Guizhou, wilaya moja tu, viwanda vinatoa magitaa kwa mamilioni kila mwaka. Kukata mbao, kupinda mbavu, kupanga freti kwa vipimo, mashine inafanya vizuri na haichoki. Kinachorukwa ni ile saa ya mwisho, pale mtu anapokaa na gitaa moja moja, akalifunga nyuzi, akachonga hapa na pale mpaka likae sawa. Saa hiyo ni ghali kuliko mbao, kwa hiyo inaachwa, na wewe mnunuzi ndiye unayekuja kuimalizia.

Nilianza na shingo. Nililipeleka Keko kwa fundi mmoja wa vitanda, mzee ambaye hajawahi kushika gitaa maishani. Alilishika kama anavyoshika mbao ya mninga, akafumba jicho moja, akatazama kutoka kichwani kwenda tumboni. "Imebonyea katikati, lakini haijajinyonga. Ingejinyonga ningekuambia ukakaangie chapati." Ndani ya shingo ya magitaa mengi ya nyuzi za chuma kuna fimbo ya chuma inayokazwa kwa alenki kupitia tundu la sauti au kichwani. Tulilegeza nyuzi, tukaizungusha robo mzunguko, tukafunga tena na kusubiri, kisha robo nyingine. Ukikaza kwa pupa utaikata, na fimbo ikikatika gitaa la laki moja halina fundi wa kuligharamia. Nafasi ikashuka kutoka 5 hadi 4. Mzee alichukua 10,000 na akacheka sana kwamba amekuwa fundi wa muziki.

Milimita moja na nusu iliyobaki niliitafuta mwenyewe, na hapa ndipo nilipoharibu. Juu ya daraja, pale nyuzi zinapopandia, kuna kijiti cheupe cha plastiki. Kukisugua chini yake kunashusha nyuzi. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka milimita moja ishuke pale, kijiti lazima kipungue milimita mbili. Hesabu nilikuwa naijua. Nilitakiwa kutoa 3. Lakini msasa una utamu wake. Nilisugua huku nasikiliza mpira kwenye redio, na nilipokuja kupima nimetoa karibu 5. Nyuzi zililala juu ya freti, kila nikipiga zinavuma kama nzi kwenye kopo.

Kijiti kipya cha saizi ile sikukipata maduka matatu niliyopita. Yule mpiga gitaa wa kwaya akasema tengeneza cha mfupa, magitaa ya bei kubwa yana cha mfupa. Basi nikaenda bucha, nikaomba muundi wa ng'ombe, 2,000, mke wangu akafurahi akidhani ni supu. Supu ilipikwa kweli, ila mfupa nikauchukua, nikautoa uboho wote, nikauchemsha tena na sabuni ya unga mpaka mafuta yakaisha, nikauanika juani siku nne mbali na mbwa wa jirani. Mfupa wenye mafuta hunuka na kugeuka njano. Nikaukata kwa msumeno wa chuma, nikavaa barakoa maana vumbi lake si la kuvuta, nikausugua juu ya kioo cha dirisha kilichobandikwa msasa ili ukae bapa. Msasa namba 120, halafu 240, halafu 400. Jioni tatu. Safari hii redio niliizima.

Nafasi sasa ni 2.6 upande wa uzi mnene. Nikabadilisha na nyuzi, nikaweka seti inayoanzia 11 (unene wa uzi mwembamba kwa elfu za inchi), laini kidogo kuliko zile za 12 zinazofungwa kwa kawaida, 20,000. Vichwa vya freti vilivyokuwa vinachana mkono nikavipitisha tupa ndogo baada ya kubandika selotepu ya karatasi pembeni ya mbao. Watu husema mfupa unabadilisha sauti. Gitaa langu lilianza kusikika safi, hilo nina hakika nalo, lakini mangapi yametokana na mfupa, mangapi na nyuzi mpya, na mangapi na fahari ya mtu aliyechonga kwa mkono wake, siwezi kukuapia.

Ubao wa mbele ni plaiwudi. Ukitaka kujua la kwako, angalia ukingo wa tundu la sauti: kama mistari ya mti inaendelea kutoka juu kuingia ndani, ni mti mmoja, kama unaona matabaka kama ya chapati, ni plaiwudi. Wapiga gitaa hulitamka neno hilo kwa dharau, na ni kweli mti mmoja una sauti pana zaidi. Lakini mimi naishi Dar es Salaam, ambako jasho la hewa hutia kutu nyuzi ndani ya mwezi, na dada yangu yuko Dodoma, ambako kiangazi hukausha kila kitu. Plaiwudi inavumilia safari hiyo bila kupasuka. Wazee wetu waliliita gitaa kavu galatoni, kutokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu kutoka Afrika Kusini. John Lennon wa kundi la Beatles la Uingereza alikuwa na moja la aina hiyo, Gallotone Champion, na ndilo alilokuwa akipiga Woolton, Liverpool, tarehe 6 Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye katika kundi hilo. Ndani yake kulikuwa na lebo inayosema limehakikishwa halitapasuka. Kwa hiyo mtu akilicheka plaiwudi langu namwacha acheke.

Jumla nimetumia 180,000: gitaa, nyuzi, fundi, bucha, na 8,000 ya alenki na misasa. Rafiki yangu alinunua Yamaha F310 kwa 480,000, na lake lilitoka kwenye boksi likiwa tayari linapigika. Tulipoyapiga pamoja, la kwake lina besi nzito zaidi na linakaa kwenye tyuni siku nzima. Langu funguo mbili za kukazia nyuzi zinalegea na kila nyimbo tatu lazima niziguse. Kama una pesa na huna subira, nunua la kwake. Mimi sikuwa na pesa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kijana mmoja wa kwaya kununua la kwake. Muuzaji alitutolea sita, nikakataa manne, akaanza kuniita "mzee wa mitihani". Niliangalia shingo kwa jicho moja kama mzee wa Keko. Niliingiza karatasi ya risiti chini ya daraja: ikipenya, gundi imeachia, na hilo silinunui hata kwa nusu bei. Nilibonyeza kila uzi kwenye kila freti nikisikiliza mvumo. Nilizungusha funguo zote, maana nimejifunza kwa machungu. Urefu wa nyuzi sikuuhangaikia. Yote yalikuwa juu kama yangu.

Alilipa 150,000. Kwenye mwendokasi kurudi Kimara alilipakata gitaa kama mtoto mchanga, akawa ananyamaza, kisha akauliza bucha gani ina mifupa mizuri.

"Yoyote," nikamwambia, "ila omba muundi, usikubali mbavu. Na mama asiuone kabla ya supu."